Upepo Unaotangulia Mvua

Maiti ya Priscille Kabwe ilikuwa imelazwa juu ya turubai, mchangani, hatua chache kutoka majini. Mama yake, Berthe, mfanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, alikaa kando yake ameshika kisigino cha binti yake.

Inspekta Kasonde alifika saa kumi alasiri. Mvua ya Novemba ilikuwa imeshapita. Ziwa Mweru lilikuwa limetulia tuli, rangi yake na rangi ya mbingu ni moja, hata mitumbwi ya mbali ilionekana kuelea hewani. Mita sitini kutoka ufukweni, katikati ya matete, mkia wa ndege ndogo nyeupe ulichomoza majini.

"Nani alimtoa?" Kasonde aliuliza.

"Mwalimu wake, ba Inspekta," alijibu Konstebo Chisenga. "Wavuvi walimkuta amesimama, maji kifuani, amempakata. Hakutaka kumwachia mtu."

Mwalimu huyo, André Mutombo, mtu wa Lubumbashi mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, aliajiriwa na shirika dogo lililopeleka barua na dawa kandokando ya ziwa. Alifundisha urubani kwenye kiwanja cha Nchelenge, karibu kabisa na ufuko. Sasa alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amefunikwa blanketi.

"Papa André, mlikuwa wawili ndani?"

"Wawili, Chef."

"Wewe ulikaa upande gani?"

"Kuume. Mwalimu anakaa kuume."

"Nini kilitokea?"

André alifumba macho. "Tuliingia mu wingu. Giza. Mvua ikapiga kioo, hatuone kitu. Ndege ikaanza kutingishika. Kushoto, kuume. Kushoto, kuume. Kiisha tukaanguka."

"Kisha?"

"Kiisha maji."

Kasonde aliandika. André alisimulia vizuri mno, kama mtu anayetazama picha iliyo mbele yake.

Walivua viatu, wakaingia majini hadi kwenye ndege. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umekatwa kwa kisu. Mkanda wa kiti cha kulia ulikuwa umefungwa, ukavutwa, ukakibana kiti kitupu.

"Labda mwalimu aliufungua, akaufunga tena," alisema Chisenga.

"Nyumba ikiungua, Chisenga, wewe hutandika kitanda kwanza?"

Konstebo alicheka, kisha akajutia kucheka. Kasonde hakucheka. Ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike mkewe, na kila asubuhi alitandika pande zote mbili za kitanda, ingawa upande mmoja haukuwa umelaliwa.

Kesho yake asubuhi daktari alimpa matokeo ya uchunguzi wa maiti. Shingo ilivunjika. Viganja vyote viwili vilikuwa na alama za usukani.

"Na mwalimu?"

"Nimempima. Hana hata mchubuko."

"Yawezekana?"

"Miujiza ipo, Inspekta. Ila siiandiki kwenye ripoti."

Kutoka hospitali Kasonde alitembea hadi eneo la tukio. Wanawake walikuwa wanaanika chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, na mchanga wote uling'aa kama umemwagiwa vipande vya kioo. Mwanamke mmoja mnene, Esnart, alimnyooshea ufagio.

"Mukwai, miguu yako! Hao unaowakanyaga ni ada ya shule."

Kasonde aliruka pembeni. "Samahani, bamayo. Jana ulikuwa hapa ndege ilipoanguka?"

"Hapa hapa. Nilikuwa nakusanya samaki."

"Kwa sababu ya mvua?"

"Kwa sababu ya upepo. Ukingoja mvua umeshachelewa. Mvua ilikuwa bado kule ziwani, kwenye kisiwa cha Kilwa, nyeusi kama sufuria. Hapa jua kali. Mara ukaja ule upepo wa baridi juu ya maji, magunia yakaruka, sote tukakimbilia mafagio."

"Na ndege?"

"Ilikuwa inarudi, inameremeta. Ikainuka kidogo, hivi. Halafu ikasukumwa chini, kama unavyoshindilia unga kwenye debe."

"Ilikuwa ndani ya wingu?"

"Wingu gani? Mimi nilikuwa na kivuli changu mchangani!"

"Una hakika mvua haikuwa imefika?"

Esnart alimtazama kwa huruma. Alifungua gunia, akachota konzi ya samaki weupe, wakavu. "Chisense ikinyeshewa hugeuka nyekundu, na harufu yake hata bata anakimbia. Gunia hili ndilo nililokuwa nalifunga mdomo ndege ilipogonga maji. Nusa."

Kasonde alinusa. Ilikuwa harufu ya jua na samaki wakavu.

Mchana alikwenda kwenye ofisi ya kiwanja, akamkuta André. Daftari la safari za ndege lilisema, kwa mwandiko wa André: watu wawili. Mezani palikuwa na kompyuta, na mbele yake usukani mdogo wa plastiki. Humo mlikuwa na programu ya kuigiza urushaji wa ndege, ambayo wanafunzi waliitumia kabla ya kupanda ndege yenyewe.

"Priscille alifanya mazoezi ya dhoruba hapa?"

"Kila siku. Alizipita zote. Hata mimi alinishinda."

"Nami nataka kuiona ya jana. Ile uliyonisimulia."

André alibonyeza vitufe, akampisha kiti. Kasonde hakuwahi kupanda ndege maishani. Alishika usukani, na ardhi ikaondoka chini yake bila uzito wowote. Maji ya buluu yalitandaa. Hayakuwa na mitumbwi wala moshi wa jikoni, na hapakuwa na mtu wa kumpungia mkono. Alielea. Kwa muda asioujua alisahau kazi iliyomleta, akawaza kwamba pengine wafu huliona ziwa hivi, bila harufu na bila sauti.

Kisha wingu. Kioo kiligeuka kijivu ghafla, kama mlango umefungwa. Mistari ya mvua ikashuka. Picha ikatingishika, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama cherehani. Penseli iliyokuwa mezani haikusogea. Mara akatokea upande wa pili, na kila kitu kikatulia hapo hapo.

"Nje ya wingu hakuna upepo?"

"Mu hii machine, hapana. Mutingishiko iko ndani ya wingu tu. Ukitoka, umetoka."

"Na ziwani?"

André aligeukia dirisha, akatazama maji.

"Papa André, miaka yako yote ya urubani, umeingia kwenye dhoruba ngapi?"

"Hata moja, Chef. Rubani mwenye anaingia hazeeke. Mimi nikiona wingu mbaya, ninarudia nyuma."

"Kwa hiyo dhoruba pekee uliyowahi kuwa ndani yake ni hii hapa."

Feni iliyokuwa dirishani ilizunguka. André alivuta benchi, akakaa.

"Ndege haikuanguka kwenye giza," Kasonde alisema taratibu. "Ilianguka juani, mbele ya mvua. Wanawake waliiona. Upepo wa wingu la Kilwa ulitangulia, ukaiinua, ukaibamiza. Aliyekuwa ndani angesema jua lilikuwa linawaka. Wewe jana ulinisimulia kompyuta."

"Chef..."

"Rubani akiruka peke yake, hufanya nini na mkanda wa kiti kitupu?"

"Anaufunga. Ili usinase kwenye usukani."

"Priscille alifundishwa hivyo na nani?"

"Na mimi," André alisema, akajifunika uso.

Kasonde alimwacha alie. Kisha akafungua daftari, akamweleza haki zake, naye André akatoa maelezo yake bila kulazimishwa.

Miezi sita iliyopita daktari wa Ndola alimkataza kurusha ndege. Moyo. Barua ile aliificha.

"Ningeionyesha, wangefunga école, hii shule yetu. Na Priscille alibakisha saa kidogo tu apate leseni. Mwanamuke wa kwanza hapa, Chef! Nikasema nitamalizia na yeye, kiisha niache. Siku zingine nilipanda naye, natetemeka. Siku zingine tulikaa hapa, mbele ya kioo."

"Na jana?"

"Jana kifua ilikuwa nzito. Akaniambia, Papa, kaa, mi nitazunguka kisiwa na kurudia. Nikamuachia. Daftari nikaandika wawili, sababu peke yake hakuwa na ruhusa ya kuvuka maji."

"Wingu uliliona?"

"Niliona! Nikasema, iko mbali. Miezi sita nilikaa hapa, na mu hii kioo mbali ni mbali, haikufikie. Zamani ningemwambia shuka, ngoja. Zamani nilikuwa naogopa. Hii kitu ilinitoa woga."

"Kwa nini ulisema ulikuwemo? Uliogopa jela?"

"Jela?" André alimtazama kama hakulielewa neno. "Nilikimbia mu maji, mu ile mvua, hakuna mwenye aliniona, nikakata mukanda, nikamubeba. Kiisha mama yake akafika. Hakuuliza kama amekufa, aliona. Aliniuliza, 'Alikuwa na nani?' Mudomo yangu ikasema, 'Na mimi.'"

"Akasemaje?"

"Akasema 'merci', Chef. Akanishukuru."

Nje, upepo mwepesi ulichezea kamba ya bendera ya kiwanja. Kasonde alimaliza mstari wake, akaweka kalamu chini.

"Nifunge," alisema André. "Andika yote. Yeye tu usimuambie."

"Shtaka litakuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Litasomwa kortini kwa sauti, na Mama Berthe atakuwa amekaa benchi la mbele. Unataka alisikie kwa karani?"

André alitikisa kichwa.

"Basi simama. Utamwambia wewe."

Msiba ulikuwa Kashikishi, kwenye ua nyuma ya ghala la samaki. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Walipomwona André walimpisha njia kwa heshima, na hilo lilimpinda mgongo kuliko kitu chochote. Alipiga magoti mbele ya Berthe.

"Mama Priscille. Nilikudanganya. Sikukuwa naye. Alikuwa peke yake."

Nyimbo zilikatika mkeka kwa mkeka.

"Peke yake?" alisema Berthe. "Hakuna mutu alimushikia usukani?"

"Hakuna."

"Kufika Kilwa na kurudia, yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kushuka."

"Kwa muda gani?"

"Dakika makumi ine na moja."

Berthe alikuwa amevuka maji yale kwa boti miaka ishirini, na kila safari ilimla siku nzima. Alitazama juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Midomo yake ilihesabu polepole, na kwa kitambo uso wake ulifunguka, kana kwamba ameitwa na mtu aliye mbali, anayecheka.

Kisha akamgeukia mwalimu.

"Na ile merci nilikupa jana," alisema. "Nirudishie."

André alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, mitupu. Hakuwa na jambo jingine la kufanya. Kasonde alingoja mpaka Berthe alipotazama pembeni, ndipo akaifunga pingu, pale pale mikono ilipokuwa.