Chupa Nyekundu ya Sarmidi

Mgeni alifika saa nne asubuhi, bila kupiga simu kwanza. Sarmidi alikuwa barazani anakula muhogo wa kukaanga. Yeye ni dereva wa bodaboda kwenye miteremko ya mlima Sumbing, ambako watu hulima tumbaku.

"Kaka, nipeleke upande wa pili wa mlima," mgeni alisema huku anahema. "Mama amefariki. Wanazika saa sita."

"Pole sana, ndugu. Ni mwendo wa saa moja tu. Panda."

Sarmidi alibonyeza stata. Tik. Akabonyeza tena. Tik.

"Piga kiki," mgeni alisema.

"Kiki ilivunjika mwaka jana."

Mkewe, Giyarti, alichungulia dirishani. "Imeanza! Hiyo pikipiki inadeka kuliko bibi harusi."

Hakujua mgeni ana msiba. Alipoambiwa, alijiziba mdomo.

Pikipiki ile haina gia za mguu, kwa hiyo haiwaki kwa kusukumwa. Waendesha bodaboda wengine walikuwa mashambani wanavuna tumbaku. Sarmidi alikimbia nyumba hadi nyumba, mpaka muuza mboga mmoja akamwazima betri. Walipoondoka, saa sita ilikuwa imepita.

Walikuta kaburi limefunikwa. Maua yalikuwa yametandazwa juu ya udongo mbichi. Mgeni alisimama hapo, viatu mkononi. Hakumtazama Sarmidi.

Baada ya siku saba mgeni alihitaji kushuka mjini. Hapakuwa na bodaboda nyingine, akamwita Sarmidi, aliyekuwa bado anatumia betri ya kuazima. Jina la mgeni lilikuwa Wuryanto, mwalimu wa ufundi wa pikipiki. Walipofika nyumbani kwa Sarmidi, Mwalimu alishuka.

"Ile betri yako iliyokufa iko wapi?"

"Ipo hapa. Mwalimu, kuhusu siku ile, nisamehe."

"Bado sijakusamehe. Lete betri."

Sarmidi aliileta. Vichwa vyake vya kufungia waya vilikuwa na unga mweupe na wa kijani. Mwalimu aliinua betri kwenye mwanga.

"Unaona mistari miwili ubavuni? Maji yanatakiwa yawe katikati yake. Ulikuwa unaongeza nini?"

Sarmidi alionyesha chupa yenye kifuniko chekundu. "Hii. Ni kali zaidi. Betri ikilegea, naipa kidogo inapata nguvu."

"Nani alikufundisha?"

"Sote hapa tunafanya hivyo."

Mwalimu alifumba macho kidogo. "Kaka, hiyo ni asidi. Inatiwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Kinachopungua baadaye ni maji, si asidi. Ukiongeza asidi, unazichoma sahani za ndani. Ya kuongezea ni ya kifuniko cha buluu, maji safi ya betri. Ya kisima pia usitie, yana chumvi na madini."

"Kumbe nimeiua mwenyewe," Sarmidi alisema taratibu.

"Umeiua mwenyewe. Na hizi taa mbili na honi ya lori?"

Giyarti alicheka. "Honi hiyo! Kuku wangu wameacha kutaga."

"Zote zinakula umeme mwingi kuliko pikipiki inavyoweza kuzalisha. Zitoe."

Wakaenda wote dukani. Muuzaji alileta betri kubwa. Mwalimu akairudisha.

"Chukua yenye vipimo vilivyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Volti ziwe zilezile, ampea zilezile, na itoshe kwenye nafasi yake. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni muda mrefu imeanza kuchoka. Dai na hati ya dhamana."

Fundi wa duka alivaa glavu, akatia asidi, akaiacha itulie, kisha akaichaji polepole kabla ya kuifunga. Betri ya zamani ilibaki dukani, maana sumu yake haifai kumwagwa mtaroni.

"Kila mwezi tazama maji," Mwalimu alisema. "Ukikuta unga, zima pikipiki, toa waya wa hasi kwanza. Safisha kwa maji ya vuguvugu na magadi ya kuokea, kausha, paka grisi. Ukirudisha, anza na chanya. Usivute sigara karibu. Na pikipiki isikae wiki nyingi bila kuwashwa na kutembezwa."

Sarmidi aliitikia kila neno. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ya arobaini ya mama nitakusubiri kituo cha basi saa kumi na mbili asubuhi. Bila nauli."

"Usiahidi, kaka."

"Nimeshaahidi."

Siku ya arobaini iliangukia siku ambayo ghala la tumbaku lilifungua milango kununua mavuno. Siku hiyo bodaboda hupata fedha za nusu mwezi kwa kubeba vikapu.

"Leo?" Giyarti aliuliza. "Wenzako wote wako ghalani! Tutakula nini?"

"Najua."

Alibonyeza stata. Injini iliwaka mara moja.

Mwalimu alikuwa kituoni. Walifika nyumbani kwa marehemu, wanaume wakiwa bado wanatandika mikeka. Mwalimu alishuka bila kusema asante, akaingia, akakaa mbele, mahali pa mtoto wa kwanza. Halafu akageuka, akasogea kidogo, akaacha nafasi pembeni yake.

Bondeni pikipiki za wenzake zilinguruma na mizigo ya tumbaku. Sarmidi alivua viatu, akaingia, akakaa pembeni ya Mwalimu kuomba dua.