Msalaba Mwekundu kwenye Behewa la Saba

Alikuwa anaufuta!

Edouard, shefu wangu wa karakana ya mabehewa, alikuwa amepiga goti kando ya behewa la saba, kitambaa cha mafuta mkononi, anafuta msalaba wangu mwekundu.

Ndani ya behewa lile alikuwemo mke wangu Kapinga. Mgongoni, mtoto wetu Exaucée wa miezi minne.

Jamani mnaosoma, kwetu msalaba wa chaki nyekundu ulikuwa na maana moja tu: essieu hii, yaani chuma cha magurudumu, ina ufa ndani, isitembee.

"Shefu! Unafanya nini?"

"Essieu iko muzuri. Imeisha kupimwa."

"Imepimwa na nani? Weye hata kuwasha mashine haujui!"

Aliangalia upande wa ukuta, kisha akaangalia saa yake.

"Locomotive inafika saa tatu, Mwaba. Enda unawe uso."

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi...

Ilikuwa Lubumbashi, mwaka 1993. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa na makundi ya vijana wa hapa, hata waliozaliwa hapahapa, mtaa wa Kampemba, kama Kapinga wangu. Wiki nzima walilala kando ya reli wakingoja behewa lolote lenye magurudumu la kuwapeleka Kasai. Mimi ni mtu wa hapa. Niliambiwa nibaki, nipime.

Kupima kwenyewe ni hivi. Unafungua kifuniko kwenye ncha ya essieu, kile chuma kinene kinachoshika magurudumu mawili. Unapaka grisi, unaweka juu yake kidude kidogo kama kizibo cha chupa. Kinatuma sauti ambayo sikio halisikii. Chuma kikiwa kizima, sauti inakwenda mpaka mwisho na kurudi, na kwenye skrini kinasimama kijiti kimoja cha mwanga. Kukiwa na ufa, kinasimama kingine katikati ya njia.

Sikusomea kazi hiyo. Fundi alikuwa mzee wetu, papa Zéphirin, Mkasai. Miaka sita nilisimama nyuma yake na daftari. Halafu vijana wa kundi wakaja kumtoa kazini, na mji ukasema ameuawa kwenye njia ya Likasi. Nililia kama mtoto.

Nikabaki na mashine, essieu arobaini na siku mbili.

Sasa niwaambie kitu nilichokificha miaka mingi. Boliti zilikuwa zimeliwa na kutu. Kwa hiyo kila essieu niliifungua upande mmoja tu. Papa Zéphirin hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Mimi nilifanya, mara arobaini.

Na katika behewa la saba kijiti cha pili kilisimama. Nikachora msalaba.

Na Edouard akaufuta! Edouard huyuhuyu aliyekuwa anawaita Wakasai wadudu mbele ya vijana, kwa sauti kubwa kuliko wote. Mngefikiri nini nyinyi?

Nilipanda behewa la saba nikikanyaga masufuria na miguu ya watu.

"Kapinga, toka. Tunaenda mu wagon ya ine."

"Weye! Nimepata fasi pa dirisha, unataka niende kukaa wapi? Pa kichwa ya muntu?"

Nikamnong'oneza sababu. Akaangalia wale bibi na watoto waliombana.

"Na hawa bengine, Mwaba?"

"Nitasimamisha treni. Toka kwanza weye."

Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Lakini alitoka, kwa ajili ya mtoto. Nikamsukuma ndani ya behewa la nne, behewa nililolipima mwenyewe, nikaliandika zima.

Kisha nikaokota chuma na kuzunguka treni, upande wa ukuta wa karakana, kumtafuta Edouard. Nilikuwa tayari kumpiga. Mimi, ambaye sijawahi kumpiga hata mbwa!

Nikamkuta amesimama kama mlinzi kando ya behewa la nne. Chini, karibu na gurudumu, alilala mtu amevaa ovaroli ya bluu, mashine kifuani.

Mtu huyo akageuza kichwa.

Papa Zéphirin!!

"Weka hiyo chuma chini," akasema polepole. "Na uje uangalie ujinga yako."

Edouard alikuwa amemficha wiki tatu ndani ya stoo ya rangi, na alfajiri ile akampa mashine apime upya. Zile kelele zake zote zilikuwa za kuwaweka vijana mbali na mlango ule.

"Ile ya saba haina ufa," papa Zéphirin akaendelea. "Ni gurudumu njo imebana chuma sana, sauti inagonga pale na kurudia. Ingekuwa ufa, ku ncha ingine ningeiona tena. Nimepima kule, sikuiona. Lakini hii..."

Akageuza skrini.

Kijiti cha pili. Kirefu, kikali, chini ya gurudumu la upande ambao sikuufungua, mahali ambapo sauti yangu ilikuwa ikifika imechoka.

Behewa la nne...

Kapinga!

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Watu walitoka wakiangusha mafurushi. Edouard mwenyewe alifungua minyororo, tukalisukuma behewa lile pembeni, na watu wake wakajibana katika mengine. Kapinga alirudi la saba. Hakuniaga. Alinipa tu mguu mdogo wa Exaucée niushike dirishani.

Papa Zéphirin naye alipanda, ameinamisha kichwa. Ovaroli ilikuwa na jina limeshonwa kifuani: EDOUARD.

Kijana mmoja wa kundi aliliona lile jina kifuani mwa Mkasai, treni ikiwa imeanza kutembea. Akamgeukia shefu wangu.

"Nani aliona ile ufa ya wagon ya ine?"

Edouard akaniangalia.

Ilitakiwa niseme neno moja, wasijue kwamba shefu alikuwa amemficha fundi: mimi. Neno moja! Lakini mimi ni mtu wa polepole. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema.

"Nimeuliza, nani?"

"Mimi," nikasema.

Wote waliona nimechelewa.

Jumatatu Edouard hakuja kazini. Wala Jumanne. Nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi, na chai imepoa kikombeni. Mpaka leo hajaonekana.

Kapinga alifika salama, na baada ya miaka minne alirudi. Exaucée sasa ni mama. Mimi bado napima vyuma, na kila chuma nakifungua pande zote mbili, hata boliti zikinichubua mikono.

Ndugu zangu, kabla hujamchorea mtu msalaba mwekundu, mzunguke, umpime na upande wa pili. Chukua muda wako wote.

Ila siku mtu atakapohitaji neno lako, usipime. Sema.