Bibi Harusi Bandia

"Hapa ndipo nitakapofungia ndoa yangu, zabibu zikishavunwa," mgeni alisema, macho juu kwenye madirisha marefu yaliyochongoka.

Zala alitabasamu. Ufunguo wa kanisa lile la Kigothi la kilimani ulikaa kwao, nyumba iliyopakana nalo, na kila aliyetaka kuliona alimbishia hodi yeye. Hata leo, siku moja kabla ya harusi yake mwenyewe.

"Hongera, dada. Mwenzio zamu yangu kesho. Wako anaitwa nani?"

"Gorazd. Anauza matrekta kule mjini Celje."

Mgeni huyo, Vesna, akamwonyesha picha kwenye simu. Zala akakaa kwenye benchi. Ni Gorazd wake, tena kavaa shati alilomnunulia yeye.

Hakumlaumu mtu. Alipiga simu, akaongeza sauti ili Vesna naye asikie.

"Gorazd, niambie ukweli. Kuna mwingine?"

"Mwingine wa nini, mpenzi? Mimi wako peke yako. Kesho nakuja kukuchukua."

Vesna aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Asubuhi kaniambia maneno hayo hayo," alinong'ona.

Zala alifuta machozi, kisha akamtazama vizuri.

"Basi leo utalala kwetu. Kesho tuna desturi yetu hapa, na wewe utatufaa."

Kesho yake Gorazd alifika na ndugu zake, kinanda cha mkono kikilia. Mjomba Ciril, kaka wa mama yake Zala, alimzuia mlangoni.

"Unatafuta nini, bwana?"

"Nimefuata ua langu."

Akatolewa bibi harusi bandia, kajifunika shela hadi kiunoni. Kwa desturi huwa ni bibi kizee wa jirani. Bwana harusi humkataa, watu hucheka, ndipo hutolewa wa kweli. Gorazd akamzunguka kwa mbwembwe.

"Siye huyu. Simjui, hata ndotoni sijamwona. Mrudisheni kwa wajukuu wake."

Vicheko vikalipuka. Bibi harusi bandia akajifunua mwenyewe.

"Rudia, Gorazd. Hunijui?"

Kinanda kilinyamaza katikati ya wimbo. Gorazd alitoa macho, rangi ikamtoka usoni.

"Vesna? We umefikaje hapa?"

"Kumbe mnajuana," Mjomba Ciril alisema.

Zala alitoka ndani na gauni lake la kila siku. Alimpenda mwanamume yule, lakini alikwenda kusimama mbele yake.

"Zala, nisikilize kwanza, huyu ni..."

"Desturi unaijua. Wa kwanza unamkataa, unapewa wa pili. Wa kwanza umemkataa kwa mdomo wako, mbele ya ukoo mzima. Wa pili ni mimi, na mimi nimekukataa wewe."

Gorazd aligeuka kumtafuta mama yake amtetee. Mama alikuwa ameshaingia garini, kafunga mlango.