Sauti Iliyoomba Joto

Yaliyokubaliwa na wote walioulizwa ni haya: mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, upenyo wa chini yake ulikuwa umezibwa kwa shuka, na kando ya kitanda jiko la mkaa lilikuwa bado linawaka. Mengine yote yana ubishi.

Chumba kilikuwa cha dobi, mjane aliyepiga pasi nguo za watu na kuishi na binti yake wa pekee. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, na tangu enzi za mama yake sheria ya nyumba ilikuwa moja: mkaa haulali ndani. Kipupwe kilichopita, mama huyo, akiwa mgonjwa, alilia jiko lirudishwe chumbani. Dobi alikataa kwa upole, akamwongezea blanketi. Alfajiri alimkuta amekwisha kupoa. Daktari alisema ni moyo. Dobi hakuafiki, kwa hesabu yake ilikuwa baridi, na mkosaji ni yeye.

Baridi iliporejea, blanketi la marehemu, lililokunjwa kabatini, likaanza kukutwa na unyevu, likinuka udongo mbichi. Lilianikwa likakauka, kesho yake yakawa yale yale. Binti alishuku paa. Inawezekana, paa lilikuwa bovu.

Kisha, jioni moja ya manyunyu, dobi akipiga pasi barazani, alisikia kutoka chumbani, ambamo hamkuwa na mtu: "Chiriku wangu, nasikia baridi." Hilo lilikuwa jina lake la utotoni, na aliyemwita hivyo alikuwa kaburini.

Alimsimulia jirani yake, fundi wa kuchomea vyuma, naye akacheka. "Dada, hata mimi nasikia baridi. Mbona mimi huniletei jiko?" Binti hakucheka. Alimnong'oneza mama yake kwamba naye amesikia meno yakigongana chini ya kitanda.

Alasiri iliyofuata, mvua ikimwagika, dobi akipiga pasi chumbani kwa kuikimbia na binti amejilaza kwa mafua, sauti ilirudi, safari hii sikioni mwa dobi, ikilalamika kwamba upepo unapita dirishani, naye akafunga dirisha; kwamba unapita chini ya mlango, naye akafunga komeo, akakunja shuka akaziba; kwamba vidole vimekufa ganzi, naye, machozi yakimlenga, akalikokota jiko alilokuwa ameliacha karibu na mlango hadi kando ya kitanda, akalipepea, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi na kichwa kilivyomgonga, hata akamtikisa binti yake asiitike, akamtikisa tena asiitike, na ile sauti ikasema taratibu, kwa furaha, "Mwache alale. Sasa ananipa joto."

Hapo ndipo dobi alipotambua. Mama yake, katika uhai wake wote, alikuwa akijivua khanga, mwenyewe akitetemeka, ili amfunike mjukuu.

"Wewe si mama yangu," alisema.

Alijaribu kuufikia mlango, akaanguka. Aliirusha pasi, kioo cha dirisha kikavunjika, na fundi, kwa kusikia kishindo, akaung'oa mlango kwa mtaimbo.

Binti alipona. Daktari alieleza kwamba mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo humvuruga mtu akili. Ni hoja nzito. Lakini sauti ilitangulia, jiko likafuata. Mganga aliyeitwa alizunguka chumba, akaagiza jiko lilale nje, dirisha libaki wazi kiasi cha kiganja, na sauti inayoomba joto isijibiwe. Daktari na mganga walikuwa wametoa dawa moja, jambo ambalo mtaani lilichekesha sana.

Dobi ameishika dawa hiyo. Kila jioni ya kipupwe humvisha binti yake sweta juu ya sweta, hutoa jiko, hufungua dirisha. Na kupitia uwazi huo, wakati hakuna tena hewa ya mkaa ya kulaumiwa, sauti humwita Chiriku, ikilia vilevile alivyolia mama yake usiku ule wa mwisho. Binti anasema naye huisikia. Dobi huuma ncha ya khanga yake, akamkataa mama yake upya.

Nawe uliyesikiliza, pima mwenyewe: ni sumu, ni majonzi, au ni jini? Ukishaamua, amua na hili: ingekuwa ni sauti ya mama yako, usingeitika?