Siku Alizobakiza Sabaha

Mmekuja tena. Ubwabwa wangu mmekula, chai yangu mmekunywa, sasa mnataka na habari ya Nassibu. Siipendi kuisimulia, maana kila nikianza kuna mjinga mmoja hucheka, na nikimaliza ndiye huyo huyo anayeomba asindikizwe chooni. Haya. Lakini mtu asinikatize. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mambo ya kompyuta nitayasema nilivyoyaelewa.

Nassibu ni mjukuu wa dada yangu. Miaka ile Kariakoo ilishapandwa na wazimu wa kujenga. Mzigo wa Dubai na China umemwagika mpaka barabarani, na kila mwenye kiwanja anataka ghorofa. Nyumba zetu za vyumba sita zikawa zinaanguka moja moja kama meno ya mzee. Nassibu akapanga chumba ghorofa ya tatu, mtaa wa kuelekea Gerezani. Bosi hakuwa naye. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa kompyuta: kadi za harusi, kalenda, vibao vya maduka. Asubuhi chai na vitumbua viwili, kisha anakaa kwenye kioo chake mpaka umeme ukatike. Ukikatika anachukua kamera anazunguka sokoni kupiga picha za watu.

Picha hizo aliziweka kwenye blogu yake. Ni kama kuwa na gazeti lako mwenyewe, mtu wa Ulaya analifungua, na wa Buguruni analifungua. Hakulipwa hata thumni. Alitaka kusifiwa tu. Na mwenye njaa ya sifa mwogopeni kuliko mwizi, maana mwizi kuna saa analala.

Sasa dirisha lake lilitazama uani kwa nyumba ya zamani. Uani kwetu ndipo mwanamke anapovua mtandio. Waliojenga ghorofa hawakuliwaza hilo, na sisi wa chini hatukuwa na mazoea ya kutazama juu.

Uani hapo alikuwapo Sabaha, mwanamke wa Lindi, mjane wa Hamis fundi cherehani. Alikuwa ndani ya eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hapana wanja, hapana manukato, hapana kuonwa na mwanamume wa nje. Hafidhi, ndugu wa marehemu, alishapata mjenzi wa kununua kiwanja. Sabaha akamwambia, "Shemeji, acha nimalize eda, tutazungumza." Mjane aliye edani hatolewi nyumbani. Hafidhi akameza mate, akawa anatafuta sababu.

Sababu alimpa Nassibu wetu.

Ilikuwa adhuhuri, umeme umekatika. Sabaha ameosha nywele, amekaa kwenye kigoda, kazimwaga mgongoni zikauke. Akanyanyua uso kwenye jua, macho kafumba. Nassibu juu dirishani akabonyeza. Mara moja tu. Jioni picha iko kwenye blogu, watu wanaandika, "Kaka, unatisha!" Yeye anasoma, anasoma tena, anacheka peke yake.

Parth, Mhindi mwenye duka la vitambaa, naye akaiona. "Hii ndiyo kalenda yangu ya mwaka mpya, bwana," akasema. Hazikupita wiki mbili, Sabaha ananing'inia kwenye kila duka la mtaa, nywele wazi, miezi kumi na miwili chini ya kidevu chake. Hafidhi alikuja nayo nyumbani imekunjwa kwapani kama mtu aliyeokota hati ya shamba.

Akawaita wazee. Kabla hawajakaa, Nassibu alipita kichochoroni na mlango wa uani ukamwita.

"Kaka." Sauti ilikuwa nyuma ya ubao. "Wanasema nilikaa makusudi nipigwe picha. Wewe waambie sikujua. Neno moja tu, kaka. Sina kwingine pa kulala."

"Usijali, dada."

"Utasema?"

"Nitasema."

Lakini alipokaa mbele ya wazee akaanza kupiga hesabu zake. Akikiri alikuwa anachungulia wanawake, nani atampa tena kadi ya bintiye aichore? Hafidhi akauliza, "Kijana, shemeji yangu alijua unampiga picha?" Pazia la chumbani, alikokuwa Sabaha, likatulia.

"Mimi nilikuta uso ameunyanyua mwenyewe," akasema Nassibu.

Basi. Neno la kweli kabisa. Na sijawahi kusikia uongo ulionichefua kama kweli ile.

Siku ya pili, eti kaivunja eda mwenyewe, Sabaha alitolewa na begi moja. Nguo zake nyeupe zikiburuza vumbi la mtaa, na wanaume wote wakimtazama, maana hapakuwa na haja tena ya kuinamisha macho. Alipofika kwa Nassibu, chini ya ghorofa, alisimama. Hakupaza sauti.

"Nimebakiza siku sitini. Aliyenitoa ndiye atakayezikaa."

Akaenda zake.

Asubuhi yake Nassibu alikunywa chai kama kawaida, akamaliza kadi za harusi ya Nirali, binti yake Parth. Nyekundu na dhahabu. Akapeleka kuchapisha. Saa nane simu ikalia.

"Nassibu, mwanangu anaolewa au amekufa?" Parth alikuwa anafoka. "Kadi mia tatu nyeupe! Nyeupe kwetu ni ya msiba, hujui?"

Nassibu akafungua kompyuta. Kadi ilikuwa nyeupe. Akaimwagia nyekundu. Ikabaki nyeupe. Akaongeza, akaongeza. Nyeupe. Akaenda dirishani kupumzisha macho. Chini palipita mkokoteni wa nyanya.

Nyanya zilikuwa nyeupe kama mayai.

Siku ya tano manjano ikaondoka. Siku ya tisa kijani. Wateja nao wakaondoka, mmoja mmoja. Akabakiwa na blogu, akaifungua apate angalau kusifiwa. Akakuta picha mpya. Hakuiweka yeye. Ilikuwa dirisha lake mwenyewe, limepigwa kutoka chini, uani, kwa urefu wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Na yeye dirishani.

Chini yake watu wameandika, "Kaka, unatisha!"

Akaifuta. Kesho yake ikaja nyingine. Mgongo wake, anakula. Imepigwa kutoka ndani ya chumba. Akaziba dirisha kwa kalenda za Parth zilizosalia. Akafunga mlango kwa ufunguo. Kesho yake ikaja nyingine. Mchana mweupe, amelala usingizi wa adhuhuri. Uso mtupu. Karibu sana. Pembeni ya picha, juu ya mto wake, kuna ncha ya nywele.

Zinachuruzika maji.

Akagusa mto. Ulikuwa umelowa.

Tangu hapo hakutoka. Kioo cha kujitazamia alikigeuzia ukutani. Manukato akayamwaga. Mtu akigonga mlango, anajitanda shuka kichwani. Hakuna aliyemfundisha. Kila adhuhuri, umeme uwepo usiwepo, kamera iliyokuwa juu ya kabati, haina hata betri, ilifanya "tk".

Mara moja tu.

Mimi niliitwa siku ya sitini. Nikapanda ngazi zile na magoti yangu haya, nikimtukana kila ngazi. Nikamkuta kajikunyata pembeni, kajifunika shuka jeupe.

"Shikamoo, bibi," akanong'ona.

"Marahaba. Toka humo, mshenzi wewe."

"Leo zimeisha, bibi. Nimezihesabu. Nitoe."

Kwetu mjane hatoki edani kwa kuhesabu siku peke yake. Hutolewa: wanawake wenzake humwosha, humvisha nguo ya rangi, humshika mkono mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mimi siwezi. Sikukuingiza mimi. Kwanza kaseme ulichotakiwa kusema." Nikamburuta mpaka kwa Hafidhi. Nyumba ya marehemu haikuwapo tena, pana shimo la msingi na vijiti vya nondo. Nassibu akalia mbele za watu: "Hakujua! Nilimchungulia mimi! Hakujua!"

Hafidhi akamtazama. "Nyumba ishauzwa, kijana. Ukweli wako sasa naupeleka wapi?"

Nikapiga simu Lindi. Sabaha alipokea, nyuma yake nasikia kuku na watoto. Nikamweleza yote, nikamwomba aje amtoe.

"Bibi, mimi nilipotoka nani alinishika mkono?"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana. Mpaka leo haipatikani.

Picha ziliacha kuja. Kamera ilinyamaza. Kalenda moja ninayo sandukuni, mwenye ujasiri akaitoe. Uani upo, jua lipo, kigoda kipo. Mwanamke hayupo. Kuna nyayo za maji sakafuni, hazielekei mlangoni. Zinakuja mbele, kwa mpigaji, na kila mwaka nikiitazama hukuta unyayo mmoja umeongezeka.

Nassibu yupo hai, msimlilie. Anabeba mizigo kwenye stoo moja pale Gerezani, kompyuta hagusi. Rangi hazikumrudia, hata moja. Juzi Idi pili alikuja kunisalimu. Mimi nimevaa kanga mpya, nyekundu ya kuunguza macho, na wajukuu wote wamependeza, kijani, zambarau, manjano. Akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja. Akavua kofia.

"Bibi," akauliza, "safari hii tumefiwa na nani?"