Utosi wa Randu

Kila asubuhi Mbeyu alitwanga mahindi uani, mwanawe Randu yuko mgongoni. Mchi ukipanda, Randu anapanda. Mchi ukishuka, naye anashuka, anacheka. Mama wa mumewe hukaa kizingitini akichambua kunde. Kijiji kizima kando ya mto Sabaki kilimwita Hawe Sidi, yaani bibi Sidi.

"Twanga, mwanangu!" humtania. "Kwa mwendo huo ugali tutaula keshokutwa."

Lakini juma lile Randu hakucheka. Alikuwa anaharisha. Mwanzo kidogo, kisha kila mara. Midomo ilikauka. Akilia, machozi hayatoki.

Mbeyu aliingiwa na hofu. Mtoto wake wa kwanza alianza hivyo hivyo, naye alimzika.

Hawe Sidi alimpenda mjukuu wake mno. Tangu Randu azaliwe, alimpaka utosini masizi yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Aliyapaka mazito, kama udongo wa ukutani. Wazee wake walifanya hivyo. Walisema utosi unaopigapiga ni tundu, na lisipozibwa, ugonjwa utapitia humo.

"Leo usimnyonyeshe," Hawe Sidi alisema. "Maziwa yanapita tu. Tumbo likauke kwanza."

Akagusa yale masizi, akatabasamu. "Tazama! Dawa inashuka. Utosi umetulia."

Kweli, masizi yalikuwa yamebonyea kama kisahani. Mbeyu hakufurahi. Lakini ambishie vipi mama wa mumewe?

"Hodi!"

Alikuwa Zipporah, jirani yao, anarudisha ungo. Zamani aliwahudumia wagonjwa kule misheni.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Karibu. Tuna mgonjwa, lakini anaendelea vizuri."

Zipporah alimtazama Randu, akaweka ungo chini. Alichovya kitambaa majini, akaanza kufuta masizi polepole.

"We! Unafuta dawa yangu?"

"Niwie radhi, hawe. Nataka kuona kilicho chini yake."

Chini ya masizi palikuwa na shimo. Ncha ya kidole ingelala ndani.

"Mbeyu, mnyonyeshe. Sasa hivi."

"Nimekataza!" Hawe Sidi alisema.

Mbeyu alimtazama mama wa mumewe. Akamtazama mwanawe.

"Nisamehe, mama," akasema, akampa mtoto titi.

Randu alinyonya kwa unyonge. Akaacha. Akanyonya tena.

Hawe Sidi alikunja uso. "Haya, binti wa misheni. Tundu lile nani ataliziba?"

"Si tundu, hawe. Niazime kichwa chako nikuonyeshe."

Hawe Sidi alikuwa amenyoa nywele zote jana yake. Zipporah alichota masizi kwa kidole, akaanza kuchora juu ya kichwa kile.

"Misheni kulikuwa na fuvu kabatini. Mifupa mitupu ya kichwa cha mtu."

"Cha nani?"

"Sikuambiwa jina."

"Maskini! Hata jina hana!"

"Kichwa si mfupa mmoja, hawe. Ni vipande vilivyoungana. Huu wa mbele ni mfupa wa paji. Hii miwili ya juu, mmoja kushoto, mmoja kulia. Huu wa nyuma ni wa kisogo. Na hapa, panjani, kuna mwingine kila upande, karibu na sikio. Mbeyu, jiguse nawe."

Mbeyu alijigusa kwa mkono usiomshika mtoto. Alikuwa na kichwa hiki maisha yake yote, lakini hakuwahi kukijua.

"Sasa fumbueni kinywa, mfumbe. Kuna kitu kinacheza mbele ya sikio? Ni taya la chini. Mifupa mingine imeshikana. Hilo peke yake linatembea."

"La mama halipumziki," Mbeyu alisema, kisha akajiziba mdomo.

Hawe Sidi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka.

"Mtoto anapozaliwa," Zipporah aliendelea, "vipande hivi havijashikana. Ndiyo maana kichwa hupita wakati wa kuzaliwa, na ubongo hupata nafasi ya kukua. Utosi ni hapa, mifupa inapokutana. Chini ya ngozi kuna utando wenye nguvu. Kupigapiga ni damu inatembea, kama mshipa wa mkononi. Utosi utajifunga wenyewe."

"Na kubonyea?"

"Ni kiu, hawe. Maji yamemwishia mwilini. Mtoto hana maneno, utosi unamsemea. Tukiufunika kwa masizi, hatuoni. Na siku ukivimba naye ana homa, hiyo pia ni hatari. Mkimbizeni kwa daktari."

Hawe Sidi aliinuka, michoro kichwani, akabandika sufuria ya maji motoni.

"Yachemke, halafu yapoe," Zipporah alisema. "Tieni sukari kidogo, na chumvi kidogo sana. Yasizidi machozi kwa chumvi. Mpeni kijiko kwa kijiko, na titi kila mara. Akikataa kunywa, au jua likipinduka kabla hajakojoa, tunampeleka Malindi kwa daktari."

Walimnywesha kwa zamu. Jua likapanda. Mbeyu hakuondoa macho kwenye nguo ya mtoto. Jua lilipofika utosini, alihisi joto mapajani.

"Amekojoa!"

Hawe Sidi alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. "Mjukuu wangu amekojoa!"

Kesho yake shimo lilikuwa limejaa. Randu alilia, na safari hii machozi yalitoka.

Masizi hayakupakwa tena. Maji ya mto yalichemshwa kabla ya mtoto kuyanywa. Kila asubuhi Mbeyu alipitisha kidole polepole utosini mwa mwanawe, kuona kama pako sawa.

Randu akatambaa. Akasimama. Akaanza kufukuza kuku. Siku moja Mbeyu alipitisha kidole, akapitisha tena. Hakuupata ule ulaini.

"Mama, njoo uguse."

Hawe Sidi aligusa. Palikuwa mfupa mtupu.

"Nani ameufunga?"

"Hakuna, mama. Umejifunga wenyewe."

Hawe Sidi aliendelea kupapasa, mpaka Randu akachoka, akajichomoa mikononi mwao na kukimbilia mahindini.