Maboya Mawili ya Kushoto

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia barazani kwa mjomba wake, fundi viatu. Pale palikuwa na benchi la wateja, na benchi hilo halikuwahi kuwa tupu. Wengine walileta viatu vilivyoachama, wengine walileta maneno tu. Nani kahama, nani kanuniana na nani, paka wa nani kaonekana jikoni kwa nani: yote yalipita pale kabla ya kufika kwingine. Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa kwenye kigoda akampa mjomba uzi, nta na kalibu, ule mguu wa mti wa kupanulia viatu, huku akichangia mazungumzo kama mtu mzima. Hata jina lile la ndege alipewa pale pale, maana ulimi wake haukujua kupumzika.

Wiki ile, hata hivyo, alipita mbio.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. We ndege, umekula gundi leo?"

Benchi zima likacheka. Chiriku hakucheka. Alikuwa na siri moyoni.

Mambo yalianza dukani. Klabu ya ufundi ya darasa lao ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya mashua ndogo za kuongozwa kwa rimoti, pale bwawani. Mwalimu wa sayansi aliwapeleka wakachague boksi la vipande vya ubao vya kuunda mashua ya mbio, ile aina inayoteleza juu ya maji badala ya kuyapasua, ikiegemea maboya mawili ya mbele, moja kila upande.

Mwenye duka aliweka maboksi mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa na picha ya mashua fupi, butu, isiyo na mbwembwe. La pili, lo! Mashua yake ilikuwa nyekundu, ndefu, yenye pua kali kama mdomo wa korongo. Vipande vyake vilikuwa vingi kama mchele.

"Hili ni la watu waliokwisha kuunda," mwenye duka alionya. "Na likishafunguliwa halirudi. Kuna aliyewahi kuunda hapa?"

Ndipo ulimi wa Chiriku ulipomtangulia mwenyewe.

"Mimi. Pamoja na mjomba wangu. Tumeunda mbili."

"Mbili?" Rafiki yake, msichana mwembamba waliyemwita Msumari, alimkazia macho. "Wewe ambaye hata ukiota unatuhadithia? Mbona hizi hukusema?"

"Si kila kitu nasema."

"Basi tumepata nahodha," mwalimu alisema, akamkabidhi boksi la mashua nyekundu.

Kuanzia siku hiyo, Chiriku aliunda na wenzake wakapiga msasa. Kila alipoulizwa jambo, alijibu haraka ili lisije swali la pili. Mchoro ulionyesha boya moja tu. Aliunganisha la kwanza kama lilivyochorwa, kisha la pili kama lilivyochorwa, akayapaka gundi, akajipongeza. Alhamisi walipoyajaribisha kwenye mashua, la kushoto lilikaa barabara. La kulia liligoma. Ubavu wake wa mshazari, uliopaswa kutazama nje, ulitazama ndani.

"Labda lina kichwa kigumu kama nahodha wake," Msumari alisema.

"Limevimba kwa gundi tu. Nitalinyoosha nyumbani."

Lakini angelinyoosha vipi? Zilibaki siku tisa, na boksi lingine halikuwepo. Klabu nzima ilimtegemea. Chiriku aliyatia maboya yote mawili mkobani, akatoka.

Alipokaribia kwa mjomba alitaka kupita mbio kama kawaida. Akasimama ghafla. Juu ya benchi, kati ya muuza mayai na kinyozi, alikaa mwalimu wa sayansi, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine umevaa soksi.

"Huyu hapa!" mwalimu alisema kwa furaha. "Nilikuwa ndiyo kwanza namshukuru mjomba wako kwa zile mashua mbili mlizounda."

Nyundo ya mjomba ilibaki hewani.

"Mashua zipi tena?" muuza mayai aliuliza. "Fundi, umeanza lini kushona mashua?"

Mjomba alimtazama mpwa wake, akaiweka nyundo chini taratibu. "Hilo ataeleza mwenyewe."

Chiriku aliona wazi kwamba mjomba asingemfichua, lakini pia asingemfunika. Machozi yakamlenga.

"Hakuna mashua, mwalimu. Sijaunda hata moja. Nilidanganya, na sasa nimeiharibu hii."

Akayatoa maboya. Benchi zima likainama kuyatazama.

Mjomba aliyachukua, akayasimamisha pamoja kama jozi mpya. "Mpwa wangu," alisema, "hivi ni viatu viwili vya mguu wa kushoto. Kitu cha jozi, cha pili unakigeuza. Mimi wiki yangu ya kwanza ya kujifunza nilishona vivyo hivyo, na bosi wangu akanivalisha vyote viwili hadi nyumbani!"

Kinyozi aliangua kicheko, lakini mjomba aliendelea. "Bahati yako, ubao si ngozi. Ngozi ina uso na mgongo. Ubao huu pande zote sawa. Tukivibandua vipande na kuvigeuza, boya la kulia hili hapa. Kazi ni kubandua."

"Hiyo ni kazi ya pili," mwalimu alisema, bila tabasamu. "Ya kwanza ni kesho, mbele ya wenzako."

Kesho yake Chiriku alisema yote. Msumari alimwonyesha vidole vyenye malengelenge. "Haya yote kwa boya la uongo!" Hakumsemesha hadi Jumamosi. Siku hiyo klabu ilirudi dukani kuomba kufundishwa, na Chiriku ndiye aliyesema mbele ya mwenye duka: "Sijui."

"Mbona kila Jumamosi nafundisha wanaoanza?" mwenye duka alishangaa. "Siku ile ungesema hivyo, ningekupa na kiti."

Walibandua kwa kisu chembamba cha mjomba, pole pole. Vipande viwili vilivunjika, wakaviunga. Siku ya mashindano mashua nyekundu, yenye kiraka upande wa kulia, ilikuwa ya tano kati ya saba. Lakini iliteleza juu ya maji, imenyooka, na Msumari akapiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Jumatatu, Chiriku alirudi kwenye kigoda chake.

"Hebu tuambie, nahodha," muuza mayai alisema. "Ile rimoti inazungumzaje na mashua bila waya?"

Chiriku alifungua kinywa. Akakifunga. "Sijui," alisema. "Jumamosi nitauliza."

Mjomba alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Umesikia, mpwa wangu? Neno 'sijui' ni kama kiatu kipya: linabana siku ya kwanza tu, kisha unatembea nalo mbali. Uongo hubana kila hatua, na mimi sina kalibu ya kuupanua."